Kitufe Kinachokwama katika Vepu ya Kimekanika

Katika vifaa vyote ambavyo watu hutumia kuvuta mvuke wa nikotini, hakuna kilicho rahisi kwa umbile na kizito kwa dhima kama vepu ya kimekanika, kwa maana ndani yake hamna waya, hamna saketi, wala hamna kidhibiti chochote cha umeme. Kuna bomba la shaba au la chuma kisichoshika kutu, betri iliyosimama ndani ya bomba hilo, kichwa chenye koili na pamba juu yake, na kitufe chini yake au ubavuni. Mtu akikibonyeza kitufe, mzunguko wa umeme hutimia, koili hupata moto, na kimiminika kilichomo ndani ya pamba hugeuka mvuke. Akikiachia, mzunguko hukatika. Vepu za kawaida zenye saketi ndani yake hujizima zenyewe baada ya sekunde chache, aghalabu 10 hivi, hata kama mwenyewe amesahau kidole juu ya kitufe, na hukataa kuwaka zikihisi shoti. Hii ya kimekanika haihisi chochote wala haikatai chochote. Basi kitufe chake ndicho swichi, ndicho kikomo, na ndicho mlinzi wa pekee aliyesimama baina ya nguvu ya betri na uso wa mvutaji. Na mlinzi huyo akianza kunata, jambo hilo si adha ndogo ya kuvumiliwa hadi mwisho wa mwezi.

Nasema hivi mapema kwa sababu walio wengi hulitazama jambo hili kwa jicho la wepesi. Kitufe kikikwama hukigongagonga juu ya meza, hukitia tone la mafuta ya kupikia, au huzoea kukivuta kwa ukucha kila baada ya pumzi, na hali hiyo huendelea wiki nzima bila mtu kujiuliza yatakuwaje siku ambayo kifaa kitakuwa mfukoni na ukucha haupo. Idara ya Zimamoto ya serikali ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2017 juu ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki iliyoripotiwa nchini humo tangu mwaka 2009 hadi 2016, ikahesabu matukio 195, na kati ya hayo 61 yalitokea kifaa au betri yake ya akiba ikiwa mfukoni. Ripoti hiyo ilihusu vifaa vya kila aina, wala sidai kwamba kila tukio lilitokana na kitufe. Lakini yatosha kumjulisha mtu mahali ambapo balaa hupenda kumngojea.

Tuyatazame mahesabu, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha kwa nini kukwama kwa dakika moja si sawa na kuvuta kwa sekunde nne. Betri inayotumika zaidi katika mabomba haya ni ile iitwayo 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, nayo ikijaa huwa na volti 4.2. Ukigawa volti hizo kwa omu 0.5 za koili, utapata mkondo wa ampea 8.4, ambao betri nzuri huubeba bila taabu; ukizigawa kwa omu 0.2, ambazo wapenzi wa mawingu makubwa ya mvuke huzipenda, utapata ampea 21, nazo zimekwisha kupita ampea 20 ambazo betri nyingi za sifa njema zimeruhusiwa kubeba kwa mfululizo. Mvutaji anayeachia kitufe baada ya sekunde nne au tano huipa betri nafasi ya kupoa. Kitufe kilichokwama hakiipi nafasi hiyo: pamba hukauka na kuungua, koili huwa nyekundu, betri hupanda joto ndani ya bomba lililofungwa, na joto likifika mahali pake betri ya lithiamu hujizidishia joto yenyewe, hata kama mzunguko umekwisha kukatwa.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza juu ya matengenezo, sharti tuseme la kufanya pale ambapo kitufe kimekwama hali kinawasha. Usigombane na kitufe. Zungusha kichwa cha juu ukitoe katika hesi zake, kwani hiyo ndiyo njia fupi ya kukata mzunguko, kisha uitoe betri na kuiweka mahali pasipo na kitu cha kuungua. Lakini ikiwa bomba limekwisha kuwa la moto kiasi cha kutoshikika, au unasikia mlio wa kufoka, au unaona moshi, au unanusa harufu kali ya dawa, usijaribu kulifungua kamwe: litupe nje juu ya simiti au mchanga mtupu, mbali na watu, magodoro na mapazia, nawe ukae mbali nalo hata lipoe lenyewe. Bomba la chuma likipasuka halichagui upande wa kurusha vipande vyake, na mnamo Mei 2018, katika mji wa St. Petersburg, Florida, mtu mmoja alifariki nyumbani kwake kwa vipande vya vepu iliyolipuka.

Sasa tuje kwenye kitufe chenyewe. Vifaa vya jamii hii vilianza kujulikana baada ya mwaka 2008, pale Ted na Matt Rogers wa Uingereza walipotengeneza kifaa walichokiita Screwdriver ili wapate nafasi ya betri kubwa kuliko zile za sigara nyembamba za kielektroniki za wakati ule; baadaye mafundi wa Ugiriki na wa Ufilipino wakapata sifa kwa mabomba yao ya shaba yaliyochongwa kwa ustadi, na nyuma yao zikafuata nakala za bei nafuu ambazo leo zimejaa masokoni kila upande. Miaka hiyo yote umbo la swichi halikubadilika sana. Ama kitufe husukumwa kurudi na springi, ama husukumwa na sumaku mbili zinazokataana. Na jinsi umeme unavyopita ni namna mbili vilevile: katika namna ya kwanza pini ya kitufe imeungana na bomba daima, na betri imekalia bangili ya plastiki ngumu inayoiacha juu kidogo ya pini, hivyo kubonyeza kunaipandisha pini iguse betri; katika namna ya pili betri imekalia pini yenyewe, na pini imetengwa na bomba kwa plastiki, hivyo kubonyeza ndiko kunakoiunganisha pini na bomba. Mwenye kifaa asiyejua swichi yake ni ya namna gani ataifungua, ataisafisha, ataifunga, na pengine ataifunga makosa. Basi kujua hili ni mwanzo wa kazi.

Sababu ya kunata, katika swichi nyingi, ni uchafu. Kimiminika cha vepu kimetengenezwa kwa propilini glaikoli na glisirini, pamoja na ladha na mara nyingi utamu, na vitu hivi huteremka polepole kutoka kwenye kichwa kinachovuja, vikapita ubavuni mwa betri hata vikafika chini kwenye swichi. Glisirini ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara haina upungufu wa unyevu wala wa chumvi, ndiyo maana shaba huku huota kutu ya kijani upesi kuliko barani. Katika kitufe kimoja nilichokifungua kwa ajili ya jirani, bomba likiwa la shaba nyekundu na lenye kung'aa vizuri kwa nje, nilikuta utando wa rangi ya asali umeganda kwa duara katika uwazi mwembamba ulio kati ya kitufe na ukingo wa bomba, na ndani ya utando huo nyuzi za kitambaa cha mfuko, chembe za mchanga, na unga mweusi wa masizi uliotokana na cheche za umeme kwenye pini. Springi ilikuwa nzima kabisa. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua springi nyingine ngumu zaidi, akidhani kwamba ile ya kwanza imechoka, na hiyo mpya ilikuwa inakwama vilevile, isipokuwa sasa kidole kilikuwa kinauma zaidi.

Kazi ya kusafisha haihitaji karakana. Toa betri kwanza, uiweke ndani ya kijaluba chake cha plastiki, wala usiilaze mezani pamoja na bisibisi na vibano. Kisha tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia yenye ukingo, ili springi ikiruka isipotee chini ya kabati, na ufungue swichi hatua kwa hatua, ukipiga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kipande na ukivipanga vipande kwa mfuatano uliovitolea. Pete ya kufungia, ile inayozungushwa ili kitufe kisibonyezeke, katika mabomba kadhaa ina hesi ya kinyume, yaani hufunguka kwa kuizungusha upande wa kulia. Basi ikikataa upande mmoja, jaribu wa pili kabla ya kutumia nguvu, na usiishike kwa koleo la meno bila kuifunga kitambaa, kwa sababu alama ya meno kwenye shaba laini ndiyo huwa chanzo kipya cha kukwama.

Vipande vya chuma vioshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni, uvisugue kwa mswaki wa zamani, hasa katika hesi na katika lile shimo ambamo shina la kitufe hupita, ambalo laweza kupitishwa kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba. Utando ulioganda sana hulainika ukilowekwa katika spiriti. Shaba iliyofanya weusi au ukijani hung'aa tena kwa siki iliyotiwa chumvi au kwa maji ya ndimu, lakini iwe kwa dakika chache tu, kisha isuuzwe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa asidi, na isuuzwe tena kwa maji safi. Pini iliyopakwa fedha au dhahabu isiguswe na siki wala msasa, kwa kuwa koti lile ni jembamba mno, na likiondoka limeondoka; hiyo yatosha kufutwa kwa kitambaa laini chenye spiriti. Kisha vikaushwe. Hapa ndipo wengi hufanya pupa: maji yaliyojificha ndani ya shimo la kitufe hayaonekani, nayo yakibaki yatarudisha kutu kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo viache vipande usiku kucha mahali pakavu penye upepo.

Baada ya kukauka, watu huuliza mafuta gani yatiwe. Jawabu langu ni kwamba katika njia ya kitufe pasitiwe kitu. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa gundi, ya cherehani hushika vumbi, na girisi yoyote ikichanganyika na glisirini hutengeneza ule ule utando tuliotoka kuuondoa. Hesi peke yake, zikiwa zinakwaruza, zaweza kupakwa vaselini kidogo sana kwa ncha ya kidole, kisha zifutwe mpaka mtu aone kama hakuna kitu kilichobaki.

Ikiwa kitufe ni safi na kikavu na bado kinakwama, basi chuma kinagusana na chuma mahali kisipotakiwa. Aghalabu bomba limeanguka likatua kwa upande wa kitufe, na ukingo wake umejikunja ndani kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Mahali hapo hupatikana hivi: chukua kalamu ya wino mzito, upake ubavu wa kitufe kwa mzunguko wote, uuache wino ukauke, ukirudishe kitufe mahali pake bila betri, ukibonyeze na kukiachia mara kadhaa, kisha ukitoe na kukitazama kwenye mwanga. Wino utakuwa umebaki kila mahali isipokuwa pale panaposuguana, na hapo utaona mstari wa chuma mtupu unaong'aa, pengine mfupi kuliko punje ya mchele. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Paondoe pale tu, kwa msasa laini wa namba 1000 au zaidi uliolowanishwa maji, kwa mkono mwepesi, ukirudia kupaka wino na kupima, mpaka kitufe kishuke na kupanda bila kuacha alama. Anayesugua kitufe kizima kwa hasira hukipunguza unene, na kitufe kilichopungua hulala upande ndani ya shimo lake na kukwama kuliko mwanzo, tena ubaya huo hauna dawa. Kwa sababu hiyo nawasihi wasomaji wasianze na msasa. Msasa ni wa baada ya sabuni, baada ya spiriti, na baada ya wino.

Swichi ya sumaku ina hadhari zake. Sumaku mbili zimewekwa zikielekeana kwa ncha za namna moja ili zisukumane, na mtu akizitoa kuzisafisha kisha akairudisha moja juu chini, zitavutana, na kitufe kitazama mahali pa kuwasha na kukaa hapo. Ambaye amekwisha kutia betri ataligundua kosa lake kwa joto. Tia alama ya wino kwenye uso wa juu wa kila sumaku kabla haijatoka mahali pake. Tena sumaku hizi za neodimiamu, zile za daraja la kawaida, huanza kupoteza nguvu kwa kudumu zikipita joto la nyuzi 80 hivi, na koti lake la nikeli likipasuka, chuma cha ndani huota kutu, huvimba na kumong'onyoka, na vumbi lake hushikamana na sumaku ile ile lilikotoka. Wala usisugue sehemu yoyote ya swichi ya sumaku kwa pamba ya chuma ile ya jikoni, kwa maana vijinyuzi vyake vitarukia sumaku na kujipanga kama miba, na kuvitoa ni kazi ya nusu siku kwa utepe wa gundi. Mimi napendelea springi, ambayo huchoka hatua kwa hatua na mtu akauona uchovu wake kabla haujawa hatari.

Uchovu wa springi nao una sababu, na sababu hiyo ndiyo inayonifanya nilitilie mkazo suala la usafi kuliko mengine yote. Mgusano mchafu wa pini huzuia umeme, na palipo na kizuizi pana joto. Chukua mgusano wenye omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita nyingi za bei ndogo haziwezi hata kukionyesha. Mkondo wa ampea 20 ukipita hapo, wati 8 za joto huzaliwa ndani ya swichi yenyewe, mahali padogo kuliko ushanga, na volti 0.4 hupotea kabla ya kufika kwenye koili. Mvutaji huona mvuke umepungua, naye akabonyeza kwa muda mrefu zaidi. Joto lile huilegeza springi, hulainisha bangili ya plastiki ya kutenga umeme, ambayo hata ikiwa ni asetali nzuri huyeyuka kwenye nyuzi 170 hivi, na bangili iliyolainika hupinda, pini ikalala upande, kitufe kikakwama. Hivyo kitufe kinachopata joto wakati wa kuvuta kinatoa habari ya kukwama kabla hakijakwama, na anayeihisi habari hiyo kwa kidole chake asingoje nyingine. Springi iliyofupika ibadilishwe kwa nyingine yenye urefu na unene ule ule. Kuinyoosha kwa mkono humpa mtu siku chache tu, maana chuma kilichokwisha kupoteza ugumu kwa joto hakirudishiwi ugumu kwa kuvutwa. Bangili iliyoyeyuka isichongwe kwa wembe. Itafutwe nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya bomba hilo hilo, na ikikosekana, bomba limekwisha kazi.

Pana jambo jingine ambalo huonekana kama ugonjwa wa kitufe ilhali si lake. Betri nyingine zina chuchu juu yake, na kwa ajili ya chuchu hiyo hupata urefu wa ziada wa milimita moja au mbili. Ikiingizwa ndani ya bomba lililopimwa kwa betri ya kichwa bapa, huisukuma pini chini wakati wote, na kitufe hakina nafasi ya kurudi. Vivyo hivyo pini inayorekebishwa kwa bisibisi ikitolewa nje kupita kiasi. Kipimo chema ni kwamba betri isichezecheze ndani ya bomba likitikiswa, wala isibanwe hata kitufe kikahisi uzito wake. Ukiwa na betri mkononi, tazama na ngozi yake ya plastiki: ubavu wote wa betri ni upande wa hasi, hata ule ukingo wa juu ulio milimita chache tu kutoka kwenye chanya, na bomba limeungana na upande mmoja wa mzunguko, basi ngozi iliyochanika ni mlango wa shoti ambayo hata kitufe kizima hakiwezi kuizuia. Ngozi mpya hupatikana kwa bei ndogo na hubanwa kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Betri yenye kishimo au iliyovimba haistahiki ngozi mpya. Na katika mabomba ambayo kichwa hugusa betri moja kwa moja bila pini ya kati, usitumie kichwa ambacho pini yake haikutokeza wazi kupita hesi zake, kwa kuwa hesi zikigusa ncha ya chanya shoti hupatikana hapo kwa hapo.

Kazi ikiisha, jaribu swichi bila betri kabla ya kuiamini. Kibonyeze kitufe katikati, kisha kibonyeze pembeni, pande zote nne, kwa sababu kidole cha mvutaji hakiendi katikati sikuzote. Kibonyeze upesi, kisha polepole kabisa, ukikiachia kama mtu anayesinzia. Geuza bomba juu chini na ulilaze ubavu. Mara zote kirudi chenyewe mpaka mwisho wake, bila kusitasita njiani. Ikiwa swichi yako ni ya ile namna ya pili, mita ya umeme itakupa yakini: shika ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye bomba, nayo inyamaze wakati kitufe kimeachiwa na ilie wakati kimebonyezwa, kisha inyamaze tena mara moja kidole kinapotoka. Mita ikilia hali kitufe kimeachiwa, usitie betri. Koili nayo ipimwe omu zake kwa kifaa cha kupimia kabla ya kichwa kurudi juu ya bomba, maana vepu ya kimekanika haitampimia mtu.

Kwa siku zinazofuata, kitunze kitufe kwa matumizi. Futa chini ya bomba kila unapobadilisha betri, uyachungulie yale matundu madogo ya kutolea hewa yaliyo karibu na swichi, ambayo yakizibwa na nyuzi za mfuko hulifanya bomba kuwa chombo kisicho na pa kupumulia, na ufungue swichi nzima kuiosha kila inapoanza kuonyesha uzito wowote. Bomba lenye kitufe cha chini lisisimamishwe mezani bila kufungwa pete yake. Mfukoni lisiingie na betri ndani. Anayesafiri kwa ndege ajue kwamba tangu mwaka 2015 kanuni za usafiri wa anga za kimataifa zinakataza vifaa hivi ndani ya mizigo inayopakiwa chini, hivyo huchukuliwa mkononi, na betri ikiwa nje ya bomba. Na msomaji aliyeko Uganda ajue kuwa sheria ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza vifaa vya namna hii, ili asimwombe nduguye wa Dubai amletee kitu kitakachomtia matatani.

Sikuandika haya kumshawishi asiyevuta aanze, kwa kuwa nikotini humfunga mtu kwa kamba isiyokatika kwa urahisi, na watoto wawekwe mbali na kifaa pamoja na kimiminika chake. Nimewaandikia wale ambao bomba tayari wanalo, na wengi wao ni vijana wanaopenda ufundi na kuona fahari kufahamu kilichomo ndani ya kitu wanachokishika. Ikiwa umeosha, umekausha, umepima kwa wino, umebadilisha springi, na bado kitufe hukwama hata mara moja kati ya nyingi, usilitie bomba hilo betri tena, wala usimpe mwingine kwa hisani. Litenganishe kabisa, kichwa kikiwa bado kinafaa kitafutie bomba jingine, na betri iliyowahi kupata joto kali ndani yake izibwe ncha zote mbili kwa utepe na ipelekwe kwa wanaokusanya betri mbovu, isitupwe jaani pamoja na taka za nyumbani.